Chura Kwenye Ndoo: Nani Anaruhusiwa Kumfungia Nani?

Kuna swali ambalo hapa Nyarugusu linarudi kila msimu wa mvua, na watu wazima wanalicheka: je, ni haki mtu kumfungia chura kwenye ndoo? Wanalicheka kwa sababu chura ni kitu kidogo. Mimi nafanya kazi na vijana na watoto kwenye kituo, na nimeshaona kwamba maswali madogo ndiyo yanayotubana zaidi, maana kwa yale makubwa tuna majibu tuliyokariri. Ukiniuliza kuhusu amani nitakujibu kama bango la semina. Ukiniuliza kuhusu chura, itabidi nifikiri.

Kwa wale ambao hawajakaa hapa mvua zikianza, nieleze kidogo. Kuanzia Oktoba au Novemba maji yanatuama mabondeni na kwenye mifereji. Usiku vyura wanapiga kelele mpaka husikii redio. Baada ya muda madimbwi yanajaa viluwiluwi, na watoto nao wanajaa madimbwini. Wanakuja na chupa zilizokatwa shingo, makopo ya mafuta ya mgao, bidoni zilizopasuka. Wanavua, wanabeba, wanaficha chini ya kitanda. Wengine wanabadilishana: viluwiluwi watano kwa kalamu moja. Na wengi wa viluwiluwi hao wanakufa ndani ya siku mbili tatu, wanamwagwa nyuma ya choo, na kesho yake mtoto anarudi kuvua wengine.

Msimu uliopita jambo lilichukua sura nyingine. Kijana mmoja ana kaka yake aliyepata uhamisho wa kwenda Marekani. Kaka akatuma video: chura wa kijani ndani ya sanduku la kioo, taa juu yake, majani, sahani ndogo ya maji. Chura anaishi vizuri kuliko sisi, vijana wakasema, na wakacheka. Lakini baada ya kucheka kila mmoja alitaka wa kwake. Mtu mmoja wa mradi akatoa wazo kwamba labda hata kituo kingeweza kuwa na sanduku kama lile, watoto wajifunze. Tukakubaliana tufanye mdahalo kwanza.

Katika mdahalo ule binti mmoja wa kidato cha pili alisimama akasema maneno machache tu: “Sisi tukitaka kutoka nje ya kambi tunaomba kibali. Chura yeye ataomba kwa nani?” Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Hata sisi wakubwa tulitazama chini.

Nataka kulichukua swali lake kwa uzito, kwa sababu ni zuri na pia lina mtego ndani yake.

Jibu la kwanza lililotolewa siku ile ni lile la kawaida: ni chura tu. Watu hapa wana shida ya kuni, ya mgao, ya shule, ya majibu ya faili ambayo hayaji. Nani ana muda wa kumhurumia chura? Papa mmoja mwenye heshima zake alitukumbusha methali, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Watu wakaitikia.

Ni kweli hazimzuii. Ila tukumbuke methali ile kwa kawaida husemwa na nani. Husemwa na ng'ombe. Mwenye miguu minne mizito haoni sababu ya kusimama kwa ajili ya anayelia kwenye matope. Sisi tumekaa miaka mingi upande wa matope. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliotoka Kongo, na tangu 2015 wakaja Warundi kwa wingi. Kuna vijana ninaofanya nao kazi ambao wamezaliwa hapa na wameshapata watoto hapa. Tunajua vizuri maana ya kulia na mwenye nguvu asisimame. Kwa hiyo mtu wa hapa akisema “ni chura tu”, anatumia kipimo kilekile kilichotumika kwake. Simwambii ni mtu mbaya. Namwambia aangalie kipimo alichoshika mkononi kimetoka wapi.

Tena ile hoja ya kwamba shida ni nyingi haisemi kitu kuhusu chura. Kutomtesa chura hakuchukui kuni ya mtu wala kupunguza unga kwenye mfuko. Ingekuwa tunachagua kati ya dawa ya mtoto na maisha ya chura, nisingeandika hata mstari mmoja. Hatuchagui hivyo. Tunachagua kati ya kumwacha chura kwenye dimbwi na kumtia kwenye kopo.

Jibu la pili lilikuwa kinyume chake: kufungia ni kufungia, basi hakuna anayepaswa kumfungia yeyote, hasa sisi. Jibu hili linapendeza masikioni. Vijana walilipenda, na nilimwona mgeni mmoja aliyekuja kutembelea mradi akiliandika kwenye daftari lake. Lakini ndipo penye mtego niliousema.

Mtego ni ule mfano wa kambi na ndoo. Ukiuvuta kidogo unasaidia, ukiuvuta sana unakatika. Chura hakukimbia vita akaja kwenye ndoo. Ndoo haikumwokoa na kitu. Sisi tulivuka ziwa au mpaka kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na kifo, na kuna ardhi ikatupokea. Halafu sisi tunasema, tunaoa, tunashtakiana kwa viongozi wa zoni, tunafungua vibanda, tunaandika insha. Mtu anayetufananisha na chura kwenye ndoo, hata kama ana machozi machoni, anatutoa ubinadamu kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo sitaki huruma kwa chura ijengwe juu ya kujihurumia sisi. Chura anastahili kufikiriwa kwa sababu zake mwenyewe.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho mfano ule unakionyesha sawasawa. Chura aliye ndani ya ndoo anategemea mkono. Maji yake, chakula chake, kivuli chake, vyote vinatoka kwa mtu ambaye hakumchagua na ambaye anaweza kumsahau. Kuwa chini ya mkono wa mwingine ni hali tunayoijua. Na kuwa wenyewe ule mkono ni hali ambayo wengi wetu hatujaizoea. Mtoto wa hapa hana mengi anayoyaamua, wala chumba, wala shule, wala nchi. Akishika kopo la viluwiluwi, kwa mara ya kwanza yeye ndiye mkubwa. Swali la maadili linaanzia hapo: sasa umekuwa mkono, utakuwa mkono wa namna gani?

Ili kulijibu, inabidi kwanza tumjue chura. Yaani tumjue kweli, siyo kumpenda tu.

Chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Anayanywa kwa ngozi, na kwa ngozi hiyohiyo anavuta sehemu ya hewa yake. Ngozi yake iko wazi kama kidonda: chochote kilicho ndani ya maji kinaingia mwilini. Sabuni iliyobaki kwenye beseni inaingia. Chumvi na mafuta ya mikono yetu vinamsumbua. Na klorini inaingia.

Hapo kwenye klorini nawaomba tusimame kidogo. Maji ya bomba hapa kambini yanatiwa klorini, na ni vizuri, maana ndiyo inayotukinga na kipindupindu. Kila mama anajua ile harufu. Sasa mtoto mwenye upendo anafanyaje? Anaona maji ya dimbwi ni machafu, ya kahawia, yana uchafu wa majani. Anaona aibu kumweka rafiki yake humo. Anamwaga, anaenda bombani, anapanga foleni, anarudi na maji masafi yaleyale anayokunywa yeye. Asubuhi viluwiluwi wote wameelea tumbo juu. Mtoto analia, na hajui kwamba amewaua kwa maji mazuri.

Mimi naona hili ni somo kubwa kuliko mengi tunayofundishwa kwenye semina, na linawahusu pia ndugu zetu wa mashirika wanaosoma jarida hili. Kitu kinachomwokoa mmoja kinaweza kumuua mwingine. Anayesaidia akitumia mwili wake kama kipimo cha mwili wa anayesaidiwa, anaweza kuua na huku amekunja mikono ya shati anafanya kazi kwa bidii. Nia njema haitoshi. Kabla ya kumpa mtu maji, uliza yeye ananywaje.

Basi sharti la kwanza la mkono mwema ni kujua. Sharti la pili nililipata kwenye habari ya chura mmoja wa nchi hii tunayoishi, na nadhani kila mkimbizi angeijua.

Kusini mwa Tanzania, kwenye milima ya Udzungwa, kuna korongo la mto Kihansi. Maporomoko yake yalikuwa yakirusha manyunyu mchana na usiku, na ndani ya manyunyu hayo, kwenye eneo la hekta chache tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita 3. Hakuna mahali pengine duniani alipoishi. Hatagi mayai kama vyura wengi. Anazaa watoto walio hai, wadogo kama punje ya mchele. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati mradi wa bwawa la umeme ulikuwa umeshaanza. Bwawa lilipoanza kufanya kazi, maji yaliyokuwa yakishuka korongoni yalipungua kwa takribani asilimia 90. Manyunyu yakakoma.

Umeme ulihitajika, hospitali na shule zinauhitaji. Sitaki kumfanya mtu yeyote adui katika habari hii. Lakini chura yule alikuwa hana pa kwenda. Mwaka 2000 serikali ya Tanzania na wataalamu wa Marekani waliwachukua vyura 499 wakawapeleka kwenye bustani za wanyama huko Marekani. Korongoni walifunga mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga manyunyu. Mwaka 2003 vyura waliobaki korongoni wakafa kwa ghafla, na baadhi ya waliokufa walikutwa na ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu iitwayo kitridi. Hata huko Marekani mambo yalikuwa magumu: kufikia mwaka 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70. Waliowatunza ilibidi wajifunze upya kila kitu, taa, joto, unyevu, wadudu wa kuwalisha. Taratibu wakaanza kuzaliana. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, wakawekwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 2012 wengine wakaachiwa tena korongoni kwao.

Nilipowasimulia vijana habari hii, mmoja akasema: “Huyo alipata uhamisho na kurudi nyumbani, vyote viwili.” Tukacheka, lakini alikuwa amegusa kitu. Vyura wale walifungiwa kwenye kioo kwa miaka 12, vizazi kadhaa vilizaliwa kizimbani bila kuliona korongo. Je, walitendewa ubaya? Nasema hapana. Na kama hapana, basi lile jibu la pili, kwamba kufungia ni kufungia, haliko sawa.

Tofauti iko wapi kati ya kioo cha vyura wa Kihansi na kopo la chini ya kitanda? Naona mambo matatu. Walifungiwa kwa faida yao wenyewe, siyo kwa ajili ya kutazamwa. Waliofungia walijifunza mahitaji yao na kuyatimiza, hata yalipokuwa magumu na ya gharama. Na tangu siku ya kwanza kulikuwa na nia ya mlango, yaani lengo la kuwarudisha, na mtu aliyewajibika kulifuatilia. Ukiyaondoa hayo matatu, hifadhi inageuka kuwa kifungo, hata kama ukuta ni uleule na chakula ni kilekile. Sijasema hapa ninamaanisha chura peke yake.

Sasa tuje kwa mtu wa kawaida anayetaka chura wa kufuga tu, kwa sababu anampenda. Kama yule kaka wa Marekani. Je, yeye anakosea? Hana korongo lililokauka. Anafurahia chura wake, basi.

Mimi simhukumu, mradi atimize mambo fulani. La kwanza, chura wake awe amezaliwa mikononi mwa wafugaji, asiwe amekamatwa porini. Aliyezaliwa kwenye kioo hajanyang'anywa dimbwi. Aliyekamatwa amenyang'anywa, na mara nyingi wenzake kadhaa wamekufa njiani kabla yeye hajafika dukani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji ametoka wapi, na kama hana jibu, usinunue. La pili, asimwachie nje hata siku moja. Watu wengi wanadhani kumwachia mnyama ni wema daima. Mwaka 1935 watu wa mashamba ya miwa walipeleka chura wakubwa wapatao 100 kutoka Hawaii mpaka Australia ili wale wadudu wa miwa. Leo wamefika mamilioni kwa mamilioni, wana sumu, na wanyama wa kule wanaowala wanakufa. Na ile kuvu ya kitridi imesambaa duniani kwa sehemu kubwa kupitia biashara ya vyura. Wanasayansi wanahesabu aina zaidi ya 500 zilizopungua kwa sababu yake, na 90 zinazodhaniwa zimetoweka kabisa. Hata maji ya sanduku la chura hayafai kumwagwa mtoni.

La tatu ndilo lililonisumbua kuliko yote. Kufuga ni kuahidi. Chura siyo kuku wa miezi michache. Kuna aina zinazoishi miaka kumi na kuzidi zikitunzwa vizuri. Anataka wadudu walio hai, maana vyura wengi hawali kisichotikisika. Anataka maji yake yaangaliwe kila siku, hata siku unayoumwa, hata siku ya msiba. Anayemchukua anasema kimoyomoyo: miaka kumi ijayo nitakuwepo, nitakuwa na mahali, nitakuwa na maji.

Nani kati yetu anaweza kusema hivyo? Mimi siwezi. Faili langu likiitwa kesho nitaondoka na begi moja. Wakiamua turudi, nitarudi. Wakipunguza mgao, nitabadilisha mipango. Tumefundishwa na maisha kutokuahidi kitu chochote kinachozidi mwezi. Kuna vijana wanaoogopa hata kupanda mwembe kwa sababu hiyohiyo: nani atakula?

Kwa muda niliona jibu ni hilo, kwamba mtu asiyejua kesho yake asifuge. Lakini nikiliangalia vizuri, jibu hilo linatuhukumu kutowajibika milele. Linasema maadili ya kutunza ni ya wenye hati ya nyumba. Na hilo siyo kweli, maana nimeona mama anatunza mtoto asiye wake, hana uhakika wa wiki ijayo, na anamtunza vizuri kabisa. Nadhani ukweli ni huu: asiyejua kesho anaweza kuahidi, ila ahadi yake iwe na urefu wa kamba aliyo nayo. Kamba ya wiki nane ni kamba. Ukiahidi wiki nane ukatimiza wiki nane, umekuwa mtu wa ahadi sawa na yule wa miaka kumi.

Inabaki sheria. Vijana waliniuliza: sheria za wanyamapori zinatuhusu nini sisi? Sheria tunayoijua ni ile inayotuzuia kutoka. Nawaelewa. Lakini sheria tusiipime kwa kuangalia tu imetungwa na nani. Tuangalie pia inamlinda nani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayetaka kumkamata mnyama wa porini, na anayetoa kibali ni mamlaka ya wanyamapori, siyo mwenyekiti wa kijiji wala kiongozi wa zoni. Juu yake kuna mkataba wa kimataifa wa CITES wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kati ya nchi na nchi. Chura wa Kihansi yumo kwenye orodha yake ya kwanza, yenye ulinzi mkali kuliko zote. Huko Marekani nako, mwaka 2016 walizuia kuingiza aina 201 za salamanda ili ugonjwa usiingie, na Australia majimbo mengi yanadai leseni kwa mtu anayetaka kufuga chura wa asili. Kwa hiyo ninyi mnaongoja uhamisho, mkifika huko msidhani ni jambo la dukani tu. Ulizeni sheria ya jimbo lenu kwanza.

Sheria hizi zinamlinda asiyeweza kuandika barua ya malalamiko. Sisi tunaodai kila siku kwamba ulimwengu uheshimu mikataba inayotulinda, tukidharau mkataba unaomlinda mwingine kwa sababu ni mdogo, tutakuwa tunadai haki kwa mdomo mmoja na kuikataa kwa mwingine. Na kuna jambo la ujirani. Wenyeji wamekuwa wakisema kwamba wakimbizi tunamaliza miti. Pengine wanasema kupita kiasi, pengine siyo. Kwa vyovyote, nisingependa mtoto wetu awe ndiye anayeonekana barabarani akiuza vyura wa bonde lao.

Mdahalo uliishaje? Hatukununua kioo. Mama mmoja, aliyekuwa amekaa nyuma na mtoto mgongoni, alisimama mwishoni akasema kwa Kiswahili cha kwetu: “Ile chura iko na nyumba yake tayari. Mulinde nyumba.” Ikawa hivyo. Kuna dimbwi nyuma ya uwanja, linakaa na maji karibu msimu wote. Tuliuliza ofisi inayohusika na mazingira kama tunaweza kulitunza, na tukakubaliwa. Watoto walizungushia matawi ya miiba ili watu wasifulie humo wala kutupa takataka. Wanaenda na daftari siku ya Jumamosi. Wanachora: kwanza mayai kama uji wa sagudo, halafu mkia, halafu miguu ya nyuma, halafu ya mbele, halafu mkia unapungua mpaka unaisha. Wameweka mawe pembeni, kwa sababu chura mchanga akishaota mapafu anahitaji pa kupanda, asipopata anazama kwenye maji yaleyale aliyozaliwa. Hawashiki, na anayeshika kwa bahati mbaya ananawa mikono kabla na baada: kabla kwa maji matupu kwa ajili ya chura, baada kwa sabuni kwa ajili yake, maana vyura wengine wana sumu kwenye ngozi na wengi hubeba bakteria wa kuharisha.

Wapo watakaosema huko siyo kufuga. Sawa. Mtoto hana chura wa kumwita jina na kumwonyesha mwenzake. Hilo ni pengo, nalikubali, na kwa mtoto asiye na kitu chake mwenyewe ni pengo kubwa kuliko mgeni anavyofikiri. Kijana mwenye kaka Marekani bado ananiambia hajaridhika. Anasema dimbwi ni la wote, na kitu cha wote siyo cha mtu. Sina jibu la kumnyamazisha. Ninachomwambia ni kwamba Jumamosi ni zamu yake, na kwamba asipoenda, mawe yatakuwa yamezama na wale wenye miguu minne watakosa pa kupanda.

Huwa anaenda.

Kwa wale wazazi ambao tayari wana kopo chini ya kitanda nyumbani: msilimwage nyuma ya choo. Warudisheni viluwiluwi kwenye dimbwi lilelile walikotolewa, siyo lingine, ili tusihamishe magonjwa. Wakisubiri hadi asubuhi, wapeni maji ya mvua au ya dimbwi lao. Kama hakuna ila ya bomba, yaacheni kwenye beseni wazi siku nzima, klorini ipungue. Na mtoto aende naye, ashike kopo mwenyewe, amimine taratibu. Ni vizuri mkono uliofunga ndio uwe mkono unaofungua.